Kanuni ya Aliyeanguka

Mama alikaa kwenye kiti cha marehemu mwanawe bila kuomba ruhusa. Nani angemkataza? Vijana wale watatu walitazamana, kila mmoja akimtegea mwenzake aseme neno. Basi akaweka mkoba chini, akavaa miwani yake ya kushonea mapazia, akasema, "Haya, wanangu. Nifundisheni kupigana."

Kila Jumamosi mchana walikuwa wakikutana hapa chumbani kwa Kipara, wao watatu na mwanawe, tangu walipoajiriwa pamoja kwenye ghala la rangi. Kipara alikuwa msimulizi wa mchezo. Yeye huchora mapango na ngome kwenye karatasi ya miraba, wenzake huwa mashujaa humo ndani, na dadu huamua nani apige na nani apigwe. Mama alikuwa akiwacheka: "Watu wazima na ndevu zenu, mnacheza mazimwi!"

Kisha ghala likashika moto. Hawa watatu walitoka, mwanawe hakutoka. Walikuja kumwambia wenyewe, nguo zikinuka moshi, kwamba rafu ya makopo ilimwangukia akafa palepale. Hakuhisi kitu, Mama. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpa angalau lepe la usingizi. Lakini tangu mazishi hawakukanyaga tena kwake, vijana waliokuwa wakifunua masufuria yake bila hata kubisha hodi. Wakimwona sokoni waligeuza njia. Hilo ndilo lililomleta.

"Kwanza tunarusha dadu kujua nani anaanza," alisema Kipara. "Zamu yako ikifika unasogea, halafu unafanya jambo moja. Unapiga, unajificha, au unakimbia."

"Jambo moja tu? Kwa mwendo huo jikoni kwangu wali ungeungua kila siku."

Domo alicheka, kisha akakikata kicheko katikati. Kwa kawaida mdomo wake haufungiki, ndiyo maana akaitwa hivyo, lakini leo alikuwa akikagua kucha zake. Mrefu, rafiki wa marehemu tangu shuleni, hakuwa amefungua kinywa hata kumwamkia vizuri.

"Na nikipigwa?"

"Unapunguziwa alama za uhai."

"Zikiisha?"

Kipara alianza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Hiyo tutaieleza tukifika, Mama."

Mama akaliweka hilo kiporo. Wakampa kisanamu ambacho mwanawe alikuwa akichezea, shujaa mdogo mwenye ngao, aliyempaka buluu kwa mkono wake mwenyewe. Rangi ilikuwa imevuka mstari shingoni. 

Mchezo ukaanza, wakaingia kwenye handaki lenye jitu. Mama alipiga, akapata. Akapiga tena, akapata. Kwa kitambo kidogo alisahau kilichomleta, akapiga meza kofi akasema, "Kumbe ni tamu!" Hakuna aliyecheka naye. Kadiri jitu lilivyomsogelea, ndivyo chumba kilivyozidi kuwa kizito, na Domo akafungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi nusu.

Kipara akarusha dadu kwa niaba ya jitu, akalifunika haraka kwa kiganja.

"Limekukosa."

"Toa mkono."

"Mama, nimesema limeku—"

"Toa mkono, mwanangu."

Akautoa. Ilikuwa namba kubwa kuliko zote. Akailaza sanamu ya buluu ubavu, polepole mno kwa kitu kidogo namna ile.

"Ndiyo nimekufa?"

"Hujafa." Sauti ya Kipara ilikuwa imeshuka. "Ukianguka hujafa. Huwezi kusimama, lakini bado upo. Kila zamu yako ikifika unarusha dadu, unapigania roho yako. Ukishindwa mara tatu, ndipo basi tena."

"Na wenzangu?"

Kipara akaligeuzageuza dadu mezani.

"Nimeuliza, wenzangu wanafanya nini wakati huo?"

"Yeyote anayeweza kukufikia," alisema Domo akiwa ameutazama mlango, "akiacha la kwake akakuinamia, unapona."

"Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Mama."

Sanamu za Domo na Mrefu zilikuwa karibu na ngazi ya kutokea handakini. Kipara akasema zamu ni ya Domo. Kabla Domo hajatamka, mkono wa Mrefu ulipita juu ya meza, ukaidaka sanamu yake mwenyewe na kuiburuta kurudi ndani, kuvuka miraba yote, ukiangusha dadu na kalamu.

"Mrefu, si zamu yako," alisema Kipara.

"Namrudia!"

"Kanuni zinasema—"

"Safari hii namrudia!" Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. "Safari hii simwachi!"

 Mama aliyatazama maneno yale kama mtu anayetazama nyoka aliyeingia chumbani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Alikuwa anaita?" aliuliza.

Kipara aliinamisha kichwa. Domo akajiziba uso. Aliyejibu ni Mrefu, sanamu bado ikiwa kwenye ngumi yake.

"Alikuita wewe, Mama. Sisi tulikuwa tumeshafika mlangoni."

Mama hakupiga kelele. Kelele ingewasaidia, wangeinuka wamshike, wamletee maji, na mambo yangeishia hapo. Aliinuka yeye, akaufunga mlango wa chumba, akauweka ufunguo mfukoni, akarudi kukaa kwenye kiti cha mwanawe. Akachukua karatasi mpya ya miraba, akamsukumia Kipara pamoja na kalamu.

"Chora ghala," alisema. "Rafu ziweke mahali pake, na mlango mahali pake. Mwanangu mlaze pale pale alipoangukia. Tutakwenda zamu kwa zamu, na kila mmoja aniambie alifanya jambo gani."

Akailaza sanamu ya buluu katikati ya karatasi tupu.

"Nani alianza?"