Herufi Moja Ukutani

"Ondoa mukono yako ku ukuta yangu!"

"Mama, ni serikali, si mi."

"Serikali haina mukono. Huo ni mukono yako, na brosi ni yako," Dévote alimjibu.

Anselme alishusha brosi lakini hakurudi nyuma. Alikuwa mtu wa makamo mwenye tai, wakala wa Tume ya Ukarabati. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka mtaa wa Mutakura na kopo la rangi nyekundu na bahasha ya karatasi. Tetemeko la ardhi lilikuwa limepita Jumapili tatu nyuma. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali kupanda huku, na alikuja na rangi.

"Muache aandike, mama Kelly!" Adija, jirani, alipaza sauti kutoka mlangoni kwake. "We unataka kunyeshewa paka lini? Mi yangu ameshaandika. Ona inavyong'aa!"

Kwenye ukuta wa Adija kulikuwa na herufi D, ndefu kama mtoto wa miaka mitatu. Mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba D ni *don*, yaani msaada. Nani alilisema neno hilo kwanza, hakuna aliyekumbuka. Mzee mmoja wa nyumba ya nyuma alikuwa amemnunulia Anselme Fanta ili asisahauliwe. Aloys, chef, yaani kiongozi wa nyumba kumi, ndiye peke yake aliyeandikiwa R. Alieleza kwamba hiyo ni R ya *responsable*, yaani mwenye dhamana.

"D ni nini?" Dévote aliuliza.

"Ni code."

"Code ya nini?"

"Ya kazi." Anselme alitoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, zimejaa Kifaransa. "Utasaini hapa chini."

"Niachie nitafute mutu wa kunisomea."

"Hii ni ya kusaini, mama, si ya kusoma."

Adija alicheka. Dévote hakucheka. Mtaa huu uliwahi kuhesabiwa nyumba kwa nyumba, mwaka ule wa risasi, na hesabu ile haikuwaletea unga. Wiki moja baadaye walikuwa barabarani na magodoro kichwani. Waliporudi walikuta mabati, milango, hata fremu za madirisha vimeng'olewa. Yeye na marehemu mume wake waliiezeka upya nyumba ile bati kwa bati, miaka minne. Mtu akija kumwandikia ukuta, alitaka kujua anaandika nini.

"Sisaini," alisema.

"Nitarudi saa nane, nitakaa hapa kwa jirani yako. Asiyesaini leo anatoka ku liste ya msaada." Kisha, kabla Dévote hajafika ukutani, Anselme alichora D yake kwa mipigo miwili ya haraka ya brosi, akaondoka.

Adija alikuwa bado anafuta wino kwenye kidole gumba. "Mama Kelly, roho yako ina mashaka sana. Utamushuku hata anayekuzika."

"Huyo ndiye nitamushuku wa kwanza," Dévote alisema, akachukua kikapu chake.

Alikuwa akipika na kufua kwa profesa mmoja, katika mtaa wa Mutanga Sud. Njiani, kwenye kizuizi cha askari, kijana mwenye bunduki aligeuza kitambulisho chake mara mbili.

"Mutakura? Magari ya serikali yanapanda huko. Kuna nini?"

"Rangi."

"Rangi gani?"

"Wanatupaka rangi tu, afande."

Askari alimtazama kuona kama anachekwa, kisha akamrudishia kitambulisho.

Kwa profesa ukuta wa sebule ulikuwa umepasuka toka dirishani hadi sakafuni. Dévote aliusafisha kila siku ufa ule, na mkono wake ulizama humo hadi kiganjani. Leo, pembeni ya ufa kulikuwa na R nyekundu. Uani palikuwa na mifuko ya saruji imepangwa hadi kiunoni, imegongwa mhuri wa msaada usiouzwa. Fundi kutoka Buyenzi, jina lake Massoudi, alikuwa anachanganya mchanga.

"Fundi, hapa profesa naye ni *responsable*?"

"Responsable wa nini?"

"Hiyo R."

Massoudi alicheka hadi akaegemea koleo. "R ni *réparer*, dada. Kutengeneza. Ndiyo nafanya hapa."

"Na D?"

Kicheko kilikatika. "Wameweka D wapi?"

"Kwangu. Kwa majirani. Mutaa mzima."

"Wallahi." Massoudi alitazama nyumba, akashusha sauti. "D ni *démolir*. Kubomoa. Hao wa Tume walinichukua wiki iliyopita kule karibu na mto. Nyumba kumi na moja tulilaza chini. Kila mwenye nyumba alikuwa analia, anasema alisaini kupewa mabati. Wakamwonyesha karatasi: umekubali kuhama kwa hiari yako, kiwanja kinarudi serikalini. Sisi tunabomoa, nyuma yetu wengine wanapima kwa kamba."

"Wanataka nini na kiwanja yetu?"

"Mi nashika koleo tu. Lakini mutu hapimi mahali asipopataka."

"Kwangu ufa ni mudogo kuliko huu."

"Chukua kisu cha jikoni, kiingize. Kikiingia upana wa kidole kimoja au viwili kikasimama, ni plasta tu imepasuka. Ukuta ni muzima. Yule mwenye rangi aliingiza kisu?"

"Hakuingiza hata macho."

Dévote alivua aproni. Madame, mke wa profesa, alitokea mlangoni, saa mkononi.

"Dévote, maharage?"

"Yako motoni, madame. Narudi nyumbani."

"Ukienda sasa, kesho usije."

Dévote aliwaza juu ya unga wa mwezi na ada ya shule ya Kelly. Aliwaza kwa muda wa kuikunja aproni. Aliiweka juu ya kiti. "Sawa, madame."

Alipanda kwa miguu, karibu mbio. Nyumbani alichukua kisu kabla hata ya kunywa maji. Kwenye ufa wake kiliingia kidole kimoja, kikagonga tofali. Alivuka hadi kwa Adija: nusu kidole. Nyumba ya nyuma, ya mzee wa Fanta: kiliingia vidole viwili, kikasimama. Kisha akaenda kwa Aloys. Kisu kilizama chote, kikabaki mpini.

Saa nane Anselme alikuwa ameketi uani kwa Adija, meza ndogo mbele yake, karatasi zilizosainiwa zimepangwa juu yake. Aloys alikuwa amesimama nyuma yake. Watu kama ishirini walikuwa foleni. Adija alikuwa amechuchumaa kando ya mbabura yake, jiko la makaa, mafuta ya maandazi yanapata moto.

"Mwambieni awasomee neno moja," Dévote alisema kwa sauti. "D ni *démolir*. Mumesaini kubomolewa."

Foleni ilianza kunung'unika.

"Nani alikuambia?" Anselme aliuliza.

"Fundi aliyebomoa."

"Fundi gani? Jina?"

"Usinichukulie mujinga. Jina sikupi."

"Labda hataki wengine wapate," mwanamke mmoja alisema. "Yeye hakusaini, sasa anatuharibia."

"Basi muulizeni Aloys. Kisu kimezama chote ku ukuta yake, na yeye ana R. Kwangu kimeingia kidole, nina D. Aloys! R ni nini?"

"Si nilisema... *responsable*."

"Nyumba ya profesa, kule Mutanga Sud, ina R. Anatengenezewa saruji ya msaada. Naye ni chef wa nyumba kumi?"

Mtu alicheka nyuma, kicheko kifupi kikavu. Aloys alitazama viatu vyake. Akarudi hatua moja kutoka mezani. Foleni ilivunjika. Yule mwanamke aliyesema wanaharibiwa alirudisha kidole chake gumba ndani ya kitenge.

Adija alisimama polepole. "Mi nilishaweka kidole," alisema. "Anselme, kaka yangu. Kidole kinafutwaga namna gani?"

"Hakifutwi. Ni document ya serikali." Anselme alianza kukusanya karatasi haraka. "Wenye malalamiko waandike barua ku ofisi ya commune."

"Ndani ya siku ngapi?"

"Mama, mi natumwa tu."

"Siku ngapi?"

Anselme alitazama bahasha. "Mashine ya kubomoa inapanda kesho asubuhi."

Dévote aliziona karatasi zikiingia kwenye bahasha, moja baada ya nyingine, vidole gumba vya mtaa mzima. Aliinama juu ya meza, akazichukua zote pamoja na bahasha, kwa mkono mmoja, kutoka mikononi mwa Anselme.

"Utafungwa wewe!" Aloys alisema.

"Najua." Kisha kwa Anselme: "Utaziandika upya. Na safari hii utaandika neno zima, mutu alisome."

Aligeukia mbabura. Adija alikuwa tayari ameshika karai la mafuta kwa ncha mbili za kitenge chake. Aliliinua. Dévote alizikandamiza karatasi na bahasha kwenye makaa hadi moto ukashika pande zote, na Adija akalirudisha karai juu ya moto huo.