Kioo cha Fundi Saa

...upawa wa tatu ni wa bibi, usijae sana, maana mama mkwe wake akipewa kingi husema anafanywa gunia na akipewa kidogo husema anafukuzwa kwa adabu, Mama Twiga aliugonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, mvuke wa wali ukimpanda usoni, simu kaibana kati ya bega na sikio, na upande wa pili shoga yake, yule wanayefanya naye usafi kazini, alikuwa ameingia katikati ya habari bila hata salamu, "Unanisikia lakini?" "Nakusikia, sema, mikono yangu ina kazi," "Basi leo kaja fundi mpya wa kile kisanduku cha juu ya paa, binti wa juzi tu, kapanda na kofia yake ngumu, kateremka mbio kama kafukuzwa na nyuki, anauliza nani anakifuta kile kioo, na nani kabandua kibandiko"... kibandiko, aliwaza, akavuta sahani ya nne, kibandiko kipi tena, watu wa ofisini nao, panya akila sabuni anaulizwa mfagiaji, lakini mkono ulishajua kabla ya kichwa, ulisimama hewani na upawa wake, alikijua kibandiko, cha manjano, kina mchoro kama jua lililopasuka na maandishi chini yake madogo kama mayai ya chawa, pembe moja ilikuwa imefumuka inakusanya vumbi, na yeye hapendi kitu kinachokusanya vumbi, alikikwangua kwa wembe, akapasugua kwa spiriti mpaka pakang'aa, akaridhika.

"Mama, njaa," alisema Kitinda, mtoto wa mwisho, naye akampa sahani ya kwanza bila kumtazama, nenda, kaa, usianze kabla ya wenzako, ingawa alijua ataanza, na shoga yake anaendelea, anashusha sauti, kwa nini anashusha sauti, mtu akishusha sauti kwenye simu habari imeshakuwa mbaya... kisanduku chenyewe hakitishi, siku ya kwanza msimamizi alimpandisha paani akamwonyesha, kimekaa juu ya mguu wa chuma, mbele kina kioo cha duara kama jicho la ng'ombe, kinatazama ng'ambo ya reli, kwenye paa la kiwanda cha kuchapia, na huko kuna kisanduku mwenzake kinachokitazama, "Kurasa za gazeti zinapita hapa, mama, hewani, kwa mwanga wa leza, hakuna waya, reli hawakuturuhusu kuchimba," naye akauliza huo mwanga uko wapi, mbona sioni kitu, msimamizi akacheka, "Huuoni kwa sababu si wa kuonwa na binadamu," naye akauchukua hivyo hivyo, kitu kisichoonekana kitamwumiza nani, akaja akasimulia nyumbani, mume wake, seremala, ana vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, akasema, "Kwa hiyo habari zinapita puani mwako kabla hatujazisoma, basi uwe unatuambia mapema nani kafa," wakacheka wote, bibi akacheka mpaka akakohoa, na leo kicheko kile kilimrudia kikiwa kimepoa kama uji wa jana.

"Kasemaje huyo fundi?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali, "Kasema kwa macho matupu hakina neno, ukikifuta ukaondoka zako hakina neno, anachouliza yeye ni kama kuna mtu aliwahi kukisogelea na kioo cha kukuzia, kasema kioo cha namna hiyo kinaukusanya mwanga wote kinaumimina ndani ya jicho, kama mafuta kwenye faneli, na ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye kibandiko, kasema huumii, husikii moto, hujui kitu, unakuja kujua baadaye," na maharage yakawa yanatokota kwenye jiko la pili, pwa, pwa, pwa, alisoma mpaka kidato cha nne, angeweza kuyasoma yale maandishi, yalikuwa madogo lakini kusoma angesoma, hakusoma, alikuwa na wembe mkononi na Jumamosi ilikuwa inakimbia.

Maana kila Jumamosi mchana, kabla gazeti kubwa la Jumapili halijapita lote, kioo kifutwe, utando mmoja tu wa buibui na kurasa zinakwama, simu inapigwa kutoka ng'ambo ya reli na matusi yake, na kukizima hapana, "Usikizime, mama, ukikizima kukilenga upya ni nusu saa nzima, gazeti litalala, futa kikiwa kinafanya kazi, upesi upesi, dakika mbili tutavumilia," naye upesi upesi haiwezi, kalelewa na fundi saa, baba yake alikuwa anakaa kwenye kijimeza cha upana wa sinia, kabana jichoni kile kioo chake cha kukuzia, cheusi, kidogo kama kizibo, akisema kazi ya kioo haijaisha mpaka umeitazama kwa jicho la pili, na alipokufa hakuacha nyumba wala shamba, aliacha kizibo kile, kwenye kopo la kahawa, pamoja na vijigurudumu vya saa za watu ambao hawakurudi kuzichukua... lakini yeye kilimtia kizunguzungu, macho yake yana miaka arobaini na mitatu, kwa hiyo alimchukua Twiga, ndivyo wanavyomwita binti yao tangu alipowapita urefu watoto wote wa mtaani, miaka kumi na minne, shingo ndefu, hahitaji hata kupanda kigoda, "Njoo unitazamie, macho yako mapya," akampitisha ngazi za nyuma, ambako mtu wa nje haruhusiwi, mlinzi wa getini akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jumamosi ngapi, alihesabu, upawa bado hewani, moja ile ya mvua, ya pili walikuta njiwa kataga, tatu, nne... kumi na moja, Jumamosi kumi na moja Twiga alibana kizibo cha babu yake akausogeza uso mpaka pumzi ikafanya ukungu kwenye kioo, "Mama, bado kuna alama hapa chini, kama unyayo wa mdudu," "Futa, halafu tazama tena," "Nimetazama," "Tazama vizuri," alisema tazama vizuri, alisema usiwe mvivu, alisema jicho la kulia likichoka tia la kushoto, Mungu wangu, alisema hata la kushoto, kwa kinywa chake, huku amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa anapunga upepo kwa kadibodi, na gazeti zima lilikuwa linapita, ajali na bei na matokeo ya mpira, linapita kimya kimya ndani ya mtoto wake, mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema, na yeye alimwambia kila Jumamosi.

"Chakula kinaletwa au kinapigiwa simu?" seremala aliuliza kutoka mezani, "Mwache," alisema bibi, "siku hizi wanawake wanapika kwa mdomo," Twiga akacheka pale kwenye kiti chake cha ukutani, kicheko chake kile kile, na Mama Twiga akaona anataka kumtazama na anaogopa kumtazama, akaitazama sahani... huenda hakuna kitu, vijana wana damu nzito, huenda kile kizibo kimezeeka hakikusanyi kitu, lakini mbona juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, polepole, kwa utulivu, kama mtu anayemimina mahali panapostahili, na yeye akamfokea, umelewa, na uzi wa sindano, Twiga aliyekuwa akimtungia bibi uzi kwa mkupuo mmoja, wiki iliyopita kasema ana haraka, mtungie Kitinda, na ile siku alipokuja jikoni akasimama mlangoni, "Mama, nikitazama kitu naona kama doa katikati, kama mtu aliyetazama taa," na yeye, mama, mtu mzima, mwenye akili zake, hakugeuka hata kugeuka, alikuwa anakamua nguo, akasema ni hiyo simu, iweke chini hiyo simu doa litaondoka, na mtoto akaiweka simu chini, mtoto mtiifu, kaiweka chini wiki tatu sasa, na doa hakulisema tena. Na kichwa anavyokiinamisha upande, kama kuku anayemtazama mwewe, wao wakasema anaringa, kaanza utu uzima.

"Upo?" shoga aliuliza, "Nipo," "Sasa sikia, wanaandika majina ya wote waliowahi kukigusa, kesho asubuhi watapelekwa wakapimwe macho kwa gharama ya ofisi, wewe nimeshakuandika, ila msimamizi kabadilika rangi, kasema akisikia kuna mtu wa nje alipandishwa paani, aliyempandisha asirudi kazini, na mlinzi naye, mimi sijasema lolote kuhusu mtoto, nimefunga mdomo, karatasi iko hapa mbele yangu, nifanyeje?" na Mama Twiga akayaona yote mawili kwa pamoja, kama vyungu viwili juu ya jiko moja, kazi ile ndiyo ada ya shule ya huyo huyo Twiga, ndiyo dawa ya bibi, seremala ana mwezi hajapata hata kitanda cha kutengeneza, angeweza kunyamaza, akampeleka mwenyewe hospitali, mwisho wa mwezi, akasema mtoto alitazama jua, au alianguka, lakini daktari atatibu jua, hatatibu mwanga ule, atampa matone aende zake, na doa je, doa linasubiri mwisho wa mwezi, linasimama au linakua, huyo binti wa kofia ngumu ndiye anayejua, na huyo binti anafikiwa kwa karatasi ile, si kwingine... na huenda hakuna kitu, aliwaza tena, huenda kabisa, mtoto hajalalamika, mtoto anacheka...

Kro, ilisikika mezani, na Kitinda akatema kiganjani, "Mama, jiwe!" "Si uliambiwa usianze," alisema bibi, "sasa wali umekujibu," na seremala akagonga meza kwa kidole, "La tatu hili wiki hii, Twiga, wewe mchele unauchambua au unaupungia mkono?" na hapo zamani, mwezi mmoja tu uliopita, Twiga angemrushia baba yake jibu la kumkata maini, ndiye mchambuzi wa nyumba hii, alikuwa anayaokota mawe kwenye ungo kama jogoo, lakini sasa hakurusha kitu, alisema taratibu, "Nilichambua, baba. Nilichambua mara mbili."

Mara mbili.

"Andika," alisema Mama Twiga kwenye simu, "Niandike nini?" "Jina la mtoto, lile la shuleni, na la baba yake, vizuri, lisomeke," "Na kazi, shoga yangu?" "Andika kwamba alitumia kioo cha kukuzia, Jumamosi kumi na moja, macho yote mawili, na andika nilimpandisha mimi, mlinzi hakutuona," simu ikateleza begani ikaangukia kwenye kikapu cha vitunguu naye akaiacha huko huko ikiita jina lake, akamwaga maharage juu ya wali, sahani ya pili ya mume, ya tatu ya bibi isiyojaa sana, ya nne yake, ya tano akaipakua polepole akiupekua wali kwa ncha ya kijiko kama anayetafuta pete, akazipanga kwenye sinia, akaenda, akatua, kama jana, kama juzi, taa ile ile, kitambaa cha meza kile kile chenye tundu, "Haya, kuleni," akawahesabu kama anavyowahesabu kila siku, bila kujua anahesabu, Kitinda na jiwe lake kiganjani, baba yake, bibi, yeye mwenyewe, na Twiga, watano, wote wapo, hakuna aliyepungua, na Twiga aliyasikia macho ya mama yake yamemganda, akainua shingo yake ndefu, akatabasamu, "Nini, mama?" akamtazama, akamtazama sawasawa, kwa utulivu, si machoni, hapa kando ya uso, kwenye sikio.