Chupa Inayofuata

Kusoma kwangu kote kumeishia kwenye friji moja ndogo ya wodi ya watoto, hapa Garsen. Ndani yake kuna chupa zinazofanana, zina namba tu. Nusu zina dawa ya zamani ya degedege, nusu zina mpya. Zote zinatibu, ila hakuna ajuaye ipi inamfaa zaidi mtoto ambaye sindano ya kwanza imeshindwa kumtuliza. Huo ndio utafiti wangu. Mtoto akiletwa, anapewa chupa inayofuata. Mimi mwenyewe nilipanga nisijue ina nini, maana daktari akijua, atapendelea.

Nenda kawaeleze hayo ndugu zangu Waorma, wafugaji wa huku! "Darmi, wewe mtoto yetu," wananiambia. "Chupa ile mzuri wekea sisi." Kisha wananiletea maziwa. Nikikataa, nina maringo. Nikipokea, wanaondoka wakiamini tumeelewana, na vibuyu vinajipanga kwenye meza yangu pale wodini.

Juzi mafuriko yalikata barabara kule Idsowe, kwa hiyo Malindi, kwenye hospitali kubwa, hakuna kwenda. Asubuhi yake dada yangu Kaltuma akaingia mbio amembeba Jibril, mwanawe wa pekee, macho yamegeuka, mwili mzima unatetemeka. Sindano ya kwanza haikufua dafu.

Jibril nilimpokea kwa mikono yangu alipozaliwa. Nilitaka kumtoa kwenye utafiti nimpe dawa ya zamani ninayoijua, na kanuni zinaniruhusu. Lakini kina mama wote walikuwa wakinitazama. Kitanda cha pili alikaa Kanze, Mgiriama, ambaye binti yake alipewa chupa kabla ya mafuriko na bado hajaamka. Nikimtibu mwanetu kwa dawa nyingine, nani atanikabidhi mtoto wake tena? Na nikimpa ya friji, akafa, nitarudije nyumbani? Niliogopa.

"Chupa inayofuata," nikamwambia Kaingu, muuguzi wetu.

Nilimshika Jibril mguu. Ulitikisika, ukatikisika, kisha ukalegea. Akapumua vizuri, akalala. Nikaegemea ukuta, machozi yakanitoka mbele za watu wala sikuona haya.

Kaltuma akanikumbatia, akasema kwa Kiswahili ili wodi nzima isikie: "Mimi najua tu! Dada yangu nachagulia sisi ile mzuri."

"Sikuchagua, Kaltuma. Waambie sikuchagua."

Akanikonyeza.

Kanze aliacha kumpepea binti yake. Hakupaza sauti.

"Daktari, sisi hatuna ng'ombe wa kukuletea maziwa," akasema. "Mwanangu ulimchagulia ipi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akavitazama vile vibuyu mezani kwangu, akarudi kumpepea mtoto wake.