Ukuta Ambao Haumo Katika Ramani ya Akidi

Kwanza ulisikika mvumo, kama wa nyuki mmoja aliyefungiwa ndani ya kopo. Akidi aliacha kusaga simsim, akafuta mikono kwenye leso, akageuza sikio upande wa uani. Alikuwa kipofu tangu utotoni. Mvumo ulizunguka, ukasimama, ukazunguka tena.

"Nani yuko hapo?"

"Nashon, mama. Mpimaji. Ni ile mashine tuliyowaambia kwenye mkutano."

"Wewe mtu ya Kenya?"

"Ndiyo, mama."

"Mashine yako inakula nini?"

"Betri tu."

"Kitu inakuja kwa mtu bure, lazima inakula kitu," Akidi alisema, akarudi kwenye simsim yake.

Ilikuwa Julai 2016. Mashine ilisimama juu ya miguu mitatu, ikirusha mwanga usioonekana na kupima kila kilichourudisha: kuta, nguzo, ngazi na mitaro ya mtaa wa Bukoto. Vipimo vile vingegeuzwa ramani ya plastiki yenye mistari iliyoinuka, ili vipofu wa mtaa waisome kwa vidole. Uani kwa Akidi mashine ilipima mlango, mfenesi, kaburi la mumewe Obwona, na mwishoni kabisa safu ya oluwaanyi. Oluwaanyi ni mmea ambao watu wa hapa hupanda kwenye mpaka wa ardhi, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka karatasi pale uliposimama. Obwona, askari polisi, aliupanda mwenyewe mwaka 1989 mbele ya mashahidi. Alipofariki miaka saba baadaye, barabara ya kaskazini ilikuwa ya risasi, kwa hiyo alizikwa hapo uani kwa muda, hadi atakapoweza kurudishwa kwao Pabbo. Muda huo ulikuwa umetimiza miaka ishirini.

Ramani ililetwa Agosti. Akidi aliisoma wiki nzima akitafuta mahali inapodanganya. Kutoka mlangoni hadi kaburini alijua ni hatua ishirini na tatu. Ramani nayo ilisema ishirini na tatu. Mmea wa mpaka ulikuwepo, safu ya vitone vidogo mbele ya kidole. Basi akaiamini, jambo ambalo hakumfanyia mtu yeyote tangu Obwona afe.

Septemba alikwenda Pabbo matangani, akakaa wiki tatu. Alirudi Jumamosi. Jumapili asubuhi alichukua ufagio, akahesabu hatua ishirini na tatu, akafagia kaburi, akarudi.

Fundi aliyekuwa juu ya ngazi, akipanga vipande vya chupa juu ya ukuta mpya, alimwona akipenya ukutani chini yake mara zote mbili.

"Mama, plasta bado mbichi," alimwambia, akashuka na mwiko kusawazisha.

Ukuta ulikuwa wa matofali, futi tisa kwenda juu, na ulisimama hatua kumi tu kutoka mlango wa Akidi. Oluwaanyi ilikuwa imeng'olewa na kuchomwa. Mfenesi na kaburi vilikuwa sasa upande wa Dawudi, muuza mabati wa soko la Kikuubo, ambaye alikuwa na karatasi mpya ya ardhi yenye mhuri.

Jumapili iliyofuata Dawudi alimkuta Akidi kaburini. Alimwacha aondoke, kisha akaugonga ukuta kwa ngumi kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta tundu. Hakulipata. Kesho yake alipeleka malalamiko kwa Babra, mwenyekiti wa mtaa: jirani yake anajifanya kipofu.

Babra alikuja na kamati yake. Akamwomba Akidi apite. Akidi akapita, akarudi, na vumbi la plasta kwenye bega la kulia.

"Amepita," Babra alimwambia katibu. "Andika."

"Mnaona?" Dawudi alisema. "Huyu anaona. Kipofu gani anajua kupita ukuta?"

"Wewe unaona, ssebo. Hebu pita," Babra alimwambia.

Kamati ilicheka kidogo. Dawudi hakucheka.

Nashon aliitwa ofisini kwa Babra aeleze. Aliitandaza ramani ya Akidi mezani, na kando yake karatasi ya Dawudi, akasema jambo lilikuwa wazi: siku ya kupima, ukuta haukuwepo. Mama alijifunza uani kwa ramani ile, na katika ramani ile hapana ukuta. Kamati ilikubali kwamba hilo linaeleweka.

Akidi hakuwa ameridhika. "Na ile karatasi ya Dawudi, nani alipima?"

Nashon aliisogeza karatasi, akairudisha mahali pake. "Ni vipimo vile vile, mama. Siku ile ile. Bosi aliviuza."

"Mashine yako iliona mpaka yangu?"

"Iliona mimea. Ikaandika mimea."

"Mashine ni ya chuma, nasamehe. Wewe ulijua ni mpaka?"

Nashon alikuwa mtu wa Ugenya, ambako baba yake alipanda mmea wake wa mpaka kwa mikono yake.

"Nilijua," alisema.

"Basi sasa najua ilikuwa inakula nini."

Uamuzi ulisomwa siku hiyo hiyo. Karatasi ina mhuri, kwa hiyo ukuta utabaki. Akidi, kwa kuwa hawezi kuzuiwa, ataruhusiwa kupita ukutani kila Jumapili kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, akiingia na ufagio wake tu, na asitoke na kitu chochote cha upande ule. Aidha, Nashon ataleta ramani mpya yenye ukuta ndani yake, ili mambo yarudi kama kawaida.

Nashon aliileta Novemba. Akidi aliusikia mlio wa plastiki ikikunjuliwa, akakunja ngumi zote mbili.

"Mama, iguse tu. Kuna vitu vingi vipya. Kuna bomba la maji, hapa karibu kabisa."

"Najua bomba."

Alilijua. Lilikuwa limewekwa Oktoba, hatua thelathini kutoka kwake, na majirani walijaza madumu pale asubuhi na jioni. Lakini halikuwemo katika ramani yake, na dumu la Akidi lilirudi tupu kila alipolikinga, ingawa alisikia maji yakimwagika na watu wakimwambia sasa limejaa. Aliendelea kuteremka bondeni kwenye chemchemi, kwa mguu wake mbovu.

"Utateseka kwa sababu ya ukuta ambao huwezi kuubomoa," Nashon alisema.

"Wewe unaweza?"

Nashon aliiacha ramani juu ya kiti. Akidi aliisukuma kwa kiwiko hadi ikaanguka nje ya mlango, na mbuzi wa jirani akailalia.

Tangu siku hiyo Akidi alitembea na ngumi zilizokunjwa, asije mtu akamtelezeshea ile plastiki chini ya vidole, na ukuta ukaanza kumzuia. Aliufungua mkono kusaga simsim, kula na kushika ufagio, mlango ukiwa umefungwa au watu wakiwa mbali. Kwingine kote alikunja. Bukoto nzima ilijua sababu, na wachuuzi walimwekea chenji mfukoni bila kuulizwa.

Dawudi hakuacha kushuku. Kila Jumapili alimweka mlinzi wake chini ya mfenesi. Mlinzi alipekua leso, akakung'uta ufagio, akamwambia mama ainue mikono apapase kwapa. Ngumi hakuzifungua. Kumlazimisha kipofu kukunjua vidole kungekuwa kumnyang'anya njia, na mlinzi alikuwa na mama yake huko huko kaskazini, Gulu.

Nyumbani Akidi alifunga mlango, akakaa sakafuni kando ya kopo kubwa la simsim, akafungua mikono. Udongo wa kaburi ulidondoka ndani ya kopo: kiganja cha kulia, kisha cha kushoto. Alipapasa ulipofikia. Ulikuwa umepita nusu.

Ukuta ulikuwa umekauka vizuri na Dawudi alikuwa ameupaka rangi ya kijani.

Akidi alifunika kopo, akaliwekea mkono juu, akasema kwa Kiacholi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye chumba kimoja naye:

"Obwona, nitakufikisha Pabbo. Bomba wakae nalo. Nitakufikisha mzima mzima, hata kucha."