Mwenyekiti wa Kwenye Sinema

Trela yenyewe ilikuwa fupi kuliko tangazo la sabuni, lakini Kirumba nzima, pale Mwanza, ilikuwa imeikariri. Mwanamke anakimbia kati ya mawe, begi kifuani. Gari jeusi linafunga breki. Halafu anaonekana mwanamume kwa mgongo tu, amevaa kofia ya pama, anaangalia ziwa, na bila haraka anasema: "Ufukwe si wa Mungu. Ufukwe ni wa mwenye muhuri." Kioo kinakuwa cheusi, linatokea jina la sinema, *Ufukwe wa Nani*, na chini yake neno moja: Karibuni.

Neno hilo liliwatesa watu. Karibuni ni lini? Kwenye saluni ya kunyolea ya Mayala, nyuma ya soko la samaki la Mwaloni, watu walikuwa wakija kunyoa nywele ambazo bado hazijaota, ili tu wapate kubishana. Shimba, dereva wa bodaboda aliyejiona bingwa wa sinema zote duniani, alishikilia kwamba yule mwanamke mwenye begi ndiye msaliti. Mayala alimwambia hajui kitu, yule ndiye steringi, nyota wa sinema, na steringi hafi. Wengine hawakujali nani anakufa. Walichotaka ni majina. Sinema imepigwa hapahapa mtaani, walisema, na aliyeitengeneza ni Gladness, binti wa Odeta, mtoto aliyekulia kwenye vumbi hili kabla ya kwenda kusomea mambo ya kamera Dar es Salaam. Huyo hawezi kuzungukazunguka. Atawataja wote waliokula ule ufukwe.

Na hapo ndipo macho ya watu yalipokuwa yakimgeukia mzee Ndalahwa.

Mzee Ndalahwa alikuwa mwenyekiti wa mtaa kwa vipindi viwili. Mwenyekiti wa mtaa hana ofisi ya maana, ana muhuri, na Ndalahwa alitembea na wake kwenye mfuko wa koti. Ukitaka barua ya utambulisho ulimfuata popote alipo, msibani, kwenye supu, hata kanisani baada ya misa, naye aliitoa ile mashine yake ndogo akaipulizia pumzi ya moto na kukugongea juu ya goti. Watu walimpenda kwa hilo. Halafu katika kipindi chake cha pili, kipande cha ufukwe ambapo kina mama walikuwa wakianika dagaa kikazungushiwa ukuta, na nyuma ya ukuta ikaota hoteli. Karatasi zilikuwa na muhuri wa mtaa. Uchaguzi uliofuata hakupata hata kura za kumfuta machozi.

Tangu siku hiyo mtaa uliamini kwamba Ndalahwa alikula, na alikula akashiba. Kuna waliosema ana nyumba ya ghorofa Sengerema. Kuna waliosema ana malori mawili yanayobeba mchele kwenda Rwanda. Hakuna aliyewahi kuiona ghorofa wala kupishana na lori, na mzee mwenyewe aliishi kwenye nyumba ileile yenye bati lililoshika kutu, lakini hilo nalo lilichukuliwa kuwa ujanja. Watu wakubwa hujificha, walisema.

Trela ilipotoka, Ndalahwa alikosa raha kabisa. Pama ile ilikuwa pama yake. Muhuri ule ulikuwa muhuri wake. Alikaa ndani siku kadhaa, akimwambia mkewe Bernadeta kwamba mgongo unamsumbua, akijiona tayari anazomewa njia nzima mpaka Mirongo. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Gladness, alipokuwa akizunguka mtaani kuwahoji watu kwa ajili ya sinema yake, hakumfuata yeye. Ndalahwa alilitafakari jambo hilo akapata jibu moja tu: adui hahojiwi.

Lakini alipotoka, hakuzomewa. Alipopita mbele ya saluni, Mayala alizima mashine yake katikati ya kichwa cha mteja.

"Shikamoo, mwenyekiti!"

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu aangushwe.

"Marahaba, Mayala."

"Karibu ukae, mzee. We Shimba, mpishe mwenyekiti kiti." Shimba akainuka haraka, akapangusa kiti kwa kiganja. "Mzee, tuambie sisi wanao. Yule wa kwenye trela si ni wewe?"

Ndalahwa alikuwa amejiandaa kukana. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga tangu nyumbani. Lakini kiti kilikuwa kizuri, na vijana walikuwa wamenyamaza wakimsubiri, na ukweli wa Mungu ni kwamba mtu aliyesahauliwa haulizwi maswali. Akavuta pumzi, akarekebisha pama yake.

"Sinema ni sinema," akasema.

Saluni ikalipuka. "Amekubali! Mmemsikia?"

Kuanzia hapo mzee alinawiri. Sauti ikawa nzito. Akaanza kuvaa koti hata jua likiwaka. Vijana walimnunulia chai, wakamwuliza kama ni kweli aliwahi kupigiwa simu na mawaziri, naye akawa anatabasamu na kuangalia pembeni, jambo ambalo kwa mashabiki wa sinema za siasa ni ushahidi tosha. Shimba alimbeba bure mpaka mjini na kurudi. Waliokuwa wanamwita mwizi waliendelea kumwita mwizi, ila sasa walilisema neno hilo kwa heshima fulani, kama cheo. Unaweza kumcheka, lakini jaribu kwanza kukaa miaka bila mtu kukuomba hata saini, ndipo umcheke.

Bernadeta hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa mwanika dagaa kwenye ufukwe ule, pamoja na Odeta na wenzake, na ukuta ulipopanda alihamia kwenye nyanya na vitunguu, akawa anakaa genge moja na wanawake waliokuwa wakimsema mumewe mbele yake na nyuma yake.

"Baba Yeremia," alimwambia siku moja wakila, "kwa nini usiwaambie hukula kitu?"

"Waache."

"Wanakuita mwizi na wewe unachekelea."

"Mama Yeremia, hawa wanangoja kuniona kwenye sinema. Uliwahi kuona mtu anangojwa hivi hapa Kirumba?"

Bernadeta akaendelea kula ugali wake. Alikuwa na jambo la kusema, ilionekana, lakini alilimeza pamoja na tonge.

Hatimaye "karibuni" ikapata tarehe. Sinema ingeonyeshwa kwanza Mwanza, kwenye ukumbi mmoja pale Mirongo, Jumamosi saa kumi jioni, na wakazi wa mtaa ilikopigwa wangeingia bure. Siku hiyo saluni ilifungwa. Ndalahwa alivaa koti, pama na viatu alivyovaa siku ya kumwoza binti yake. Bernadeta akavaa kitenge kipya, akatembea nyuma yake hatua chache.

Ukumbi ulifurika. Mstari wa mbele walikaa Odeta na kina mama wa dagaa, wageni wa heshima wa Gladness. Vijana walikuwa wamemwekea Ndalahwa kiti katikati yao, na kila aliyeingia alielekezwa kwa kidole: yule pale. Mzee alikuwa na furaha, hakuna haja ya kuficha. Alikuwa na hofu pia, lakini furaha ilikuwa juu.

Taa zikazimwa. Mwanamke mwenye begi akakimbia kati ya mawe, na watu wakapiga kelele, kwa sababu mawe wanayajua. Bati la saluni ya Mayala likaonekana kwa mbali, likashangiliwa kuliko steringi. Kisha ikaja pama. Ukumbi mzima ukaguna, Shimba akamgusa mzee begani, na mzee akanyoosha mgongo.

Mtu wa pama akageuka.

Alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani ya dhahabu na Kiswahili cha televisheni. Alishuka kwenye ndege. Alikuwa mwenyekiti, ndiyo, lakini mwenyekiti wa bodi ya kampuni, mtu wa makao makuu ambaye Kirumba aliiona kwenye ramani tu, na muhuri wake ulikuwa wa chuma, juu ya meza ndefu kama mtumbwi. Alipiga simu, mawaziri wakatetemeka.

"Siyo," mtu mmoja akanong'ona gizani. Shimba akamtazama Ndalahwa, akatazama tena kioo, akauondoa mkono wake begani taratibu.

Ndalahwa akaivuta pama chini kidogo. Alikaa akiangalia mambo ya watu wengine, bunduki, boti, magazeti, akijiambia labda kuna adui wa pili, sinema bado ndefu.

Ndipo ikaja sehemu fupi ambayo hata anayekwenda msalani angeikosa. Foleni ya magari yanayosubiri kivuko cha Kamanga. Kwenye kiti cha nyuma cha gari la kifahari amekaa mzee wa mtaa, koti kuukuu, anakwenda msibani Sengerema kwa lifti. Mkononi ana soda. Kijana wa mbele anamwambia, "Mzee, tugongee na hizi, za utambulisho tu," na mzee, ambaye amesahau miwani nyumbani, anaweka soda katikati ya mapaja, anatoa muhuri kwenye koti, anaupulizia pumzi ya moto, anagonga juu ya goti. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha anauliza: "Hii baridi ya humu, mnaiwasha wapi?" Ukumbi ukacheka. "Na soda hizi," mzee akaongeza, "zipo nyingine? Nimpelekee mama nyumbani." Ukumbi ukavunjika mbavu. Mayala alipiga makofi mpaka machozi yakamtoka.

Ndalahwa akafunga koti lake. Baridi ya lile gari aliisikia tena usoni. Ilikuwa hivyohivyo. Pumzi, goti, karatasi tatu, na kijana mwenye adabu aliyemwita baba. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote, isipokuwa mmoja. Akageuza shingo. Bernadeta alikuwa anatazama mbele, mikono imefumbata kitenge.

Kwenye mstari wa mbele, kina mama hawakucheka. Vichwa vyao vilibaki vimenyooka, na sehemu ile ilipopita, Odeta alimwinamia jirani yake akasema neno, na jirani naye akampasia wa pili.

Sinema ilipoisha, nje kulikuwa na kelele za mashabiki waliotarajia hili wakapewa lile. Shimba alidai imekatwa, haiwezekani waziri asikamatwe. Mayala alisema trela imewadanganya, lakini mapigano ya kwenye boti ni moto. Walipomwona Ndalahwa wakapunguza sauti.

"Pole, mzee," Shimba akasema, na alisema kwa huruma ya kweli. "Hawajakuweka."

"Mimi nilijua watamwogopa," Mayala akamfariji. "Mtu kama huyu humweki hivihivi."

"Ila yule boya wa soda!" mwingine akadakia. "Anauza ufukwe mzima kwa soda mbili! Wamemtoa wapi yule?"

Wakacheka upya, hakuna aliyekumbuka goti, na Ndalahwa akacheka nao, kwa sababu hakujua la kufanya na uso wake. Kisha vijana wakaanza kubishana kama kutakuwa na sehemu ya pili, na mzee hakuwa na nafasi tena katika ubishi huo. Akamfuata Bernadeta aliyekuwa amesimama kando ya geti.

"Gladness ulimwambia wewe," akasema.

"Alikuja siku ulipokuwa umetoka." Bernadeta hakuinamisha macho. "Aliniuliza mumeo alikula kiasi gani. Nikamwambia hakula. Nilikuwa nakutetea, Baba Yeremia. Nimechoka kusikia habari za ghorofa. Nikamwambia ilivyokuwa, ulivyorudi jioni na soda ya mama nyumbani, umefurahi kama mtoto."

"Na kwamba uliinywa?"

"Niliinywa. Ningejuaje?"

Kina mama wa dagaa walikuwa wakitoka. Ndalahwa alitamani kujificha nyuma ya geti, lakini hapakuwa na nafasi, na kwa vyovyote walikuwa wamekwisha kumwona. Miaka yote hii walikuwa wakimpita wakitema mate pembeni, wakisema huyo ndiye aliyejenga ghorofa kwa jasho letu, na yeye alikuwa amezoea. Leo hakuna aliyetema. Wanne walipita, wakaenda kusimama mbele kidogo.

Odeta akasimama. Binti yake alikuwa anaitwa huku na huku kupigwa picha, lakini yeye alikuwa amesimama mbele ya Ndalahwa, mikono imekunjwa, anamtazama kwa uso wa mtu aliyechoka.

"Mwenyekiti," akauliza, "ilikuwa soda gani?"

Ndalahwa akavua pama. Alimtazama mkewe, na mkewe hakumsaidia.

"Ya chungwa," akasema.

Odeta akaitikia kwa kichwa. "Ya chungwa," akawaambia wenzake waliokuwa wakimngoja, nao wakaondoka.