Kitu cha Kumwambia Hakimu

Ukikaa mahakamani hapa Nakuru asubuhi moja tu, utatoka na hotuba ya kuomba huruma ukiwa umeishika kichwani. Mshtakiwa bado ni kijana, hili ni kosa lake la kwanza, ana watoto wadogo, yeye ndiye tegemeo la familia. Mawakili wenzangu huisema kama wanasoma bei ya unga. Mimi hotuba hiyo hunichefua, na nimewahi kumwambia hivyo wakili mmoja mbele ya wateja wake, jambo ambalo halikuniongezea marafiki. Naamini kila mtu ana jambo moja lililo lake peke yake, na kazi ya wakili ni kuchokonoa mpaka litoke. Dada zangu huniambia, "Wamuyu, huo ni udaku tu." Sikatai.

Kibii wa Njoro alinitoa jasho. Ng'ombe wa jirani yake, mzee Kigen, waliingia kwenye ngano yake karibu na mavuno, naye akampiga mzee fimbo, akamvunja mkono. Nilipomwombea dhamana, hakimu alimuuliza swali ambalo hata mlevi angelijibu vizuri: akiachiliwa, atamsumbua tena mlalamishi?

"Ng'ombe zikirudi kwa ngano yangu, nitarudia," Kibii akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dhamana ikakataliwa, akarudishwa rumande.

Baadaye alikiri shtaka bila kusitasita. Huyu mtu hajui kudanganya, na hilo lilinipendeza na kuniudhi kwa pamoja. Kilichobaki kilikuwa hukumu, na kosa lenyewe lingeweza kumfunga hadi miaka mitano. Obura, afisa wa probesheni aliyetumwa kumchunguza, aliandika kwamba kijijini hawana neno naye, ila hana majuto yoyote. Wakili akiona maneno hayo kwenye ripoti, huanza kumwandaa mteja kwa jela.

Nikaamua kwenda Njoro mwenyewe. Nilitaka nipate walau jambo moja la kumwambia hakimu ambalo hakuwahi kulisikia.

Nilifika mapema kwa Jepchumba, mama yake Kibii, mjane aliyebaki na boma peke yake. Nilikuta mlango umefungwa. Jirani, Chepngeno, alikuwa akianika nguo.

"Unatafuta mathe? Muangalie kwa Kigen," akasema, kisha akacheka kidogo.

"Kigen yupi?"

"Huyo huyo wa mkono. Huwa huko kila asubuhi."

Unafikiri ningeweza kurudi mjini baada ya kusikia hayo? Nilitembea mpaka barabara inayopita kwa Kigen, nikasimama nje ya ua. Sikuingia, maana wakili wa mshtakiwa hana ruhusa ya kwenda kumzungukazunguka mlalamishi. Lakini barabara ni ya serikali, na macho ni yangu.

Jepchumba alikuwa amechuchumaa, akikamua ng'ombe. Kigen alikaa kwenye kigoda, mkono umefungwa plasta, akitazama upande mwingine. Hakuna aliyesema na mwenzake. Alipomaliza, mama alimimina maziwa kwenye mtungi wa Kigen, akaosha ndoo, akaondoka bila kuaga.

Nilimpokea barabarani kwa maswali.

"Nani alikuambia ufanye hivi, mama?"

"Hakuna mtu."

"Wazee walikaa wakaamua?"

"Wazee wanangoja korti imalize. Lakini ng'ombe hazingoji. Huyu mzee hana bibi, na mkono wake ulivunjwa na mtoto wangu. Nani atakamua?"

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Hiki ndicho nilichokuwa nikitafuta. Nikamwambia nitamweleza hakimu, na Jepchumba akasimama palepale.

"Usiseme," akasema. "Ukisema kortini, itaonekana nilikuwa nanunua kijana wangu na maziwa. Na Kibii pia asijue. Akijua ataona aibu kwa sababu yangu. Mimi nataka aone aibu ya kile alifanya."

"Mama, anaweza kufungwa miaka mitano."

"Nimesikia."

Siku zilizofuata nilikosa raha. Aliyenipa kazi ni Kibii, si mama yake, na wakili anayeficha jambo la kumsaidia mteja wake afadhali akauze mitumba. Lakini kila nikijaribu kuliandika, nilisikia maneno yenyewe yakigeuka kuwa hotuba ileile ya tegemeo. Na kulikuwa na jambo jingine lililonikereketa zaidi: Kigen alikuwa akiwaza nini pale kwenye kigoda?

Siku ya hukumu, hakimu akaniuliza kama nina la kusema. Mawakili tunafundishwa tusimwombe mtu azungumze kortini kama hatujui atasema nini. Nilimtazama Kibii kizimbani, shingo imekakamaa. Nilimwona Jepchumba benchi la nyuma.

"Mheshimiwa, sheria inampa mlalamishi haki ya kusikilizwa kabla ya hukumu," nikasema. "Naomba Kigen asikilizwe kwanza."

Kigen akasimama taratibu.

"Mkono bado unauma," akaanza. "Huyu kijana amenikosea, na mpaka leo hajaniambia pole."

Nikajua udaku wangu umemfunga mtu.

"Lakini mama yake anakuja kwangu kila asubuhi kukamua ng'ombe. Sikumuita. Nikimwambia aache, hasikii. Haongei, chai hataki, hata maziwa kidogo hataki. Mimi sina bibi, yeye hana bwana, watu wameanza kuongea." Watu wakaangua kicheko, karani akawanyamazisha. Kigen hakucheka. "Mkifunga huyu miaka tatu, huyo mama atakuja miaka tatu. Mimi namjua. Sasa hapo mtakuwa mmefunga nani? Nataka huyu atoke, akuje akamue yeye mwenyewe."

Kibii aligeuka kumtafuta mama yake. Jepchumba alikuwa ameinamisha kichwa, hakutaka kukutana na macho yake.

"Mama, ni ukweli?"

Mama akajifunika uso kwa leso. Ile shingo ya Kibii ikalegea, akashika mbao za kizimba, akalia mbele ya wote, naye ni mtu mzima. Machozi yalinilenga mimi pia, nikajifanya natafuta kalamu.

"Mheshimiwa, sikujua," akasema alipopata sauti. "Naomba nimwambie mzee pole."

"Mwambie," hakimu akasema.

Akamwambia. Hakimu akampa miaka miwili nje, chini ya uangalizi wa Obura, na kwa vile Kigen mwenyewe ameomba, Kibii atamkamulia ng'ombe mpaka mkono upone.

Nje, Jepchumba alinikazia macho.

"Ulimwambia Kigen aseme?"

"Sikumwambia, mama."

Sidhani aliniamini. Kibii akamkaribia, akataka kumshika mkono.

"Twende nyumbani, mama."

"Nyumbani utakuja jioni," akasema, akiurudisha mkono wake ndani ya leso. "Leo nilitoka mapema kuja huku, sikukamua. Hizo ng'ombe zinaumia."

Kibii akamtazama Kigen. Mzee alikuwa tayari ameanza kuelekea stendi, na Kibii akamfuata.