Amina ya Mzee Gil

“Hivi, Mama Seulgi, alfajiri ukipiga magoti kule kanisani huwa unamwombea nani ashinde? Wako au wangu?”

Mama Danbi aliniuliza hivyo ndani ya lifti, majirani wengine wakisikia. Tunakaa jengo moja hapa Yeoju, mimi ghorofa ya nne, wao ya kumi na moja, na kanisa letu ni moja. Binti yangu Seulgi na binti yake Danbi walifundishwa gofu na mtu mmoja, marehemu mume wangu, kwenye uwanja wa mazoezi wenye nyavu nyuma ya soko. Sasa wote wawili walikuwa kwenye ligi kuu ya wanawake, na mashindano makuu ya mwaka yalikuwa yanakuja kuchezwa hapa hapa kwetu. Kwa hiyo swali lake halikuwa la kusalimiana.

“Nawaombea wote wawili,” nikamjibu. “Kila mmoja apige mpira wake vizuri.”

“Loo, mtakatifu!” Akawageukia majirani. “Mnamsikia? Kombe ni moja, mama. Mungu atalikata kwa kisu kama tofu?”

Wakacheka. Lifti ikafika ghorofa ya nne nikashuka na kabichi zangu.

Zamani hakuwa hivyo. Mume wangu alipokuwa hai, kila mwanzo wa baridi Mama Danbi alikuwa anashuka kwangu na glavu zake nyekundu, tunakaa sakafuni tunapaka pilipili kabichi za kimchi, achari yetu ya baridi, mpaka migongo inauma, na mtoto wake anakula ndizi na wangu. Mume wangu akafariki. Danbi akaanza kushinda. Majira ya baridi yaliyofuata Mama Danbi akasema ana mafua, na yaliyofuata hayo hakusema kitu. Mimi nikaendelea kuwapelekea bakuli lao. Linarudi limeoshwa, limewekwa mlangoni, bila hata hodi.

Seulgi wangu alikuwa ametimiza miaka ishirini na tisa. Kwenye gofu yetu msichana wa umri huo anaitwa bibi. Mwaka ule ulimwendea vibaya tangu mwanzo, na kila mtu aliyesoma magazeti ya michezo alijua hesabu yake: akishinda mashindano haya, nafasi yake kwenye ligi kuu inalindwa miaka kadhaa, asiposhinda, anashushwa ligi ya chini. Na yeye alikwisha kuniambia, “Mama, kule chini sirudi tena. Nikishuka, naweka fimbo kabatini. Nitafundisha wenye vitambi kwenye nyavu.” Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Lakini mimi nimemzaa, nilimwona alivyokuwa anakaza taya.

Mungu ni wa ajabu. Siku ya mwisho, Jumapili, Seulgi na Danbi waliongoza wakiwa sawa, wakapangwa pamoja kundi la mwisho. Nikasali ibada ya kwanza, nikapanda gari la shemasi mmoja, nikaenda kusimama nje ya kamba kama watazamaji wengine.

Wapenzi wa Danbi walivaa kofia za njano. Nusu ya kwaya yetu ilikuwa ya njano. Mama mmoja wa sauti ya pili alinipa kofia bila kufikiri, kisha akakumbuka mimi ni nani, akaichukua tena mkononi mwangu. Mama Danbi alikuwa mbele yao na mwavuli.

“Mama Seulgi! Umemletea bibi yetu mkongojo? Milima ya huku inachosha.”

“Nimemletea maji,” nikasema.

“Mletee na kiti.”

Wale wa njano wakacheka. Nilitembea upande wangu wa kamba. Miguu yangu ilikuwa na kazi ya kutosha.

Seulgi alikuwa amemwajiri msichana mmoja kumbebea mfuko wa fimbo. Danbi alibebewa na baba yake, Mzee Gil, mzee wa kanisa letu. Huyu bwana ana desturi ambayo kanisa zima tunaijua na tuliipenda. Danbi akifika karibu na shimo, kwenye zile nyasi fupi, Mzee Gil husimama kando yake, hufumba macho, huomba moyoni, kisha husema “Amina” kwa sauti ya chini. Danbi hausukumi mpira mpaka asikie amina. Tangu utotoni yuko hivyo. Hata akisimama tayari na fimbo yake, husubiri.

Siku ile amina ilifanya kazi. Seulgi akiingiza, Danbi naye anaingiza. Mmoja akikosea, mwenzake naye anakosea. Walitembea mashimo yote bila kuangaliana, watoto waliokuwa wakilala kwenye mkeka mmoja. Safari moja mpira wa Seulgi uliangukia majani marefu, na nikasikia mtu wa njano akisema, “Ulale huko huko!” Watu wazima, Jumapili mchana.

Wakafika shimo la mwisho, wako sawa bado. Seulgi aliusukuma mpira wake kutoka mbali, ukakaribia, ukakataa kwa upana wa kiganja. Akaumalizia. Danbi akabaki na mpira ulio karibu na shimo, hatua chache tu. Akiuingiza, ni bingwa kwa pigo moja. Akikosa, wanabaki sawa, wanarudia shimo.

Wenye mabango ya “Kimya” wakayainua. Mimi nilikuwa nyuma kabisa ya zile nyasi, kifua kimegusa kamba.

Mzee Gil akaja kusimama kando kama siku zote. Lakini jua la vuli lilikuwa limeshuka, na kivuli chake kikaanguka kati ya mpira na shimo. Nilimwona akikiangalia. Akahama upande wa pili, akagundua huko anaukanyaga mstari ambao mpira wa Danbi utapita, akaacha. Basi akazunguka, akasimama nyuma. Nyuma kabisa ya mpira, sawa sawa na shimo. Akafumba macho, akakutanisha mikono.

Danbi akaweka miguu yake.

Mume wangu alikuwa akisimama hapo hapo nyuma ya Seulgi, miaka ile, kumnyooshea mabega. Baba wengi wa wasichana walifanya hivyo. Kisha sheria ikaja ikasema hapana: mchezaji akishaanza kuweka miguu, mbeba mfuko asiwe nyuma yake kwenye mstari huo, kwa sababu yoyote ile. Akipiga hivyo, anaongezewa mapigo mawili. Akirudi nyuma kabla hajapiga, na yule mtu akahama, hana kosa. Mume wangu alinung'unika wiki nzima, na Mzee Gil mwenyewe alikuwepo mezani kwangu akinung'unika naye. Basi alijua. Ila siku ile alikuwa ameshikwa na kivuli na sala, sheria ikamtoka.

Nikamtazama mwamuzi. Alisimama ng'ambo, redio begani. Alikuwa anaangalia viatu vya Mzee Gil.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Sikutakiwa kumshtaki mtu. Nilitakiwa kunyamaza tu. Mzee angesema amina yake, Danbi angeingiza, watu wangepiga makofi, na mwamuzi angekuja taratibu na mapigo yake mawili. Seulgi angekuwa bingwa. Mwanangu alikuwa kando pale, anafuta fimbo ambayo haikuwa na uchafu, ameinamisha kichwa.

Nilisema, Bwana, niondolee hili. Hakuniondolea. Midomo ya Mzee Gil ilikuwa inakaribia mwisho wa sala.

“Mzee Gil!” nikapiga kelele. “Ondoka nyuma ya mtoto!”

Kwenye gofu hata kukohoa wakati kama ule ni matusi. Watu wote walinigeukia kwa pamoja. Danbi akashtuka, akainua fimbo, akarudi nyuma. Mzee Gil akafumbua macho, akaangalia miguu yake, akamwangalia mwamuzi, na uso wake ukawa rangi ya karatasi. Akaondoka pale haraka, karibu ajikwae.

“Mtoeni huyo mama!” mtu akasema.

“Kijicho! Kijicho mchana kweupe!” Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Danbi. “Mtoto wa watu anataka kumaliza, yeye anampigia mayowe! Mchawi wewe!”

Kijana mwenye bango akanishika kiwiko. Danbi akaweka miguu upya. Safari hii hakusubiri amina ya mtu. Akausukuma mpira, ukaingia katikati ya shimo.

Makofi niliyasikia nikiwa njiani kuelekea langoni, bado nimeshikwa kiwiko.

Wiki ile jengo zima lilininyamazia. Bakuli langu la kimchi lilirudi mlangoni likiwa limejaa vile vile. Seulgi alikaa kwa rafiki yake, hapokei simu. Jumapili iliyofuata familia ya Mzee Gil ilileta keki za mchele za shukrani, sinia kwa sinia, zikawekwa kwenye ukumbi wa chini tunakolia baada ya ibada. Mimi niko kamati ya jiko, nilikuwa nagawa supu ya tambi. Watu walichukua bakuli bila kuniangalia usoni.

Mama Danbi akanijia na kipande cha keki kwenye karatasi.

“Kula, Mama Seulgi. Jaza mdomo. Labda ukijaa hautapiga kelele.”

“Asante,” nikasema.

“Asante? Mungu ameonyesha alimsikiliza nani! Ulipiga yowe la ibilisi, mpira ukaingia vile vile. Omba radhi hapa, mbele ya kanisa.”

Meza zote zikatulia. Mzee Gil alikuwa meza ya wazee, anakoroga tambi zake kwa vijiti, anakoroga tu.

“Mume wako anajua nilipiga kelele ya nini,” nikasema.

“Usimwingize mume wangu!”

Mlango ukafunguliwa. Seulgi. Alivua viatu kama kawaida, akavipanga, akaja na soksi mpaka kwenye meza ya wazee. Hakunisalimu.

“Mzee Gil,” akasema, “aliyenibebea mfuko ameniambia kitu. Nataka nikisikie kwako. Danbi alipoweka miguu, ulikuwa nyuma yake?”

Mzee Gil akaweka vijiti chini.

“Baba Danbi, usimjibu huyu,” mkewe akasema. “Hana adabu!”

“Nilikuwa nyuma,” akasema Mzee Gil. “Kivuli kilinisumbua, nikasahau. Mama yako asingepiga kelele, Danbi angeongezewa mapigo mawili. Mwamuzi aliniambia pale pale.”

“Na umekaa wiki nzima?” akauliza mchungaji kutoka mezani pake.

Mzee Gil akainamisha kichwa. Mama Danbi alikuwa bado ameshika ile karatasi ya keki. Nilimwona anatafuta la kusema, akalipata. “Hata hivyo,” akasema, “angeweza kusema polepole.”

Hakuna aliyecheka. Wengine walianza kunitazama kwa macho mengine, na yule wa sauti ya pili akaja kunishika mkono. Mimi nilikuwa namtazama Seulgi. Alikuwa amegeuka, anakuja kwangu pale penye sufuria.

“Kwa hiyo hukumharibia Danbi,” akasema. “Umeniharibia mimi.”

“Seulgi.”

“Ulijua, mama?”

“Nilijua.”

“Ulijua ukinyamaza mimi nabaki?”

“Nilijua, mwanangu.”

“Pumzi mbili tu. Ungefunga mdomo pumzi mbili. Wala usingedanganya mtu.” Sauti yake haikupanda. “Nimepiga mpira tangu nina miaka saba. Hawa wamekuita mchawi, na bado umewapa kombe mkononi. Baba angenyamaza.”

“Baba yako asingenyamaza. Yeye ndiye aliyewafundisha nyote wawili.”

“Baba angenyamaza kwa ajili yangu!”

Wafu hawaitwi kutoa ushahidi. Mkono wangu ulikuwa umeshika upawa, supu inadondoka kwenye kitambaa cha meza. Watu walikuwa kimya kuliko kule uwanjani, na hapa hakuna aliyeinua bango.

“Niambie kitu kimoja,” akasema. “Kila alfajiri, kwenye baridi, na magoti yako mabovu. Ulikuwa unamwombea nani?”

Ningeweza kumwambia, wewe. Ndilo neno alilolitaka, na lilikuwa karibu.

“Nyote wawili,” nikasema.

Akanipa mgongo. Kisha akatembea mpaka mlangoni, akaingiza miguu kwenye viatu bila kuinama kufunga kamba, akatoka.